Madam na Wapangaji wa Konokono

Madam alikuwa akipiga. Naanzia hapo kwa sababu kila aliyesoma kwake huanzia hapo, na nikianza na mengine watu wa Kariakoo watadhani namzungumzia mtu mwingine. Alipiga kwa bakora, kwa rula ya mbao, kwa daftari lililokunjwa, na vyote vikikosekana alipiga kwa kiganja, kiganja kipana kikavu kilichokuacha na mlio sikioni mpaka kipindi cha jiografia. Alitufundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne. Walimu wengine nao walipiga, lakini walipiga kama watu wanaotimiza wajibu. Madam alipiga kama mtu aliyetukanwa.

Mara nyingi kilichomtukana ni kicheko. Ungeweza kuchelewa, ungeweza kukosa jibu, hata kulala darasani, akakupita tu. Ila ole wako ucheke wakati anasimulia wanyama wake.

Wanyama hao hawakuwamo kwenye mtaala. Vitabu vyetu vilikuwa na panzi, chura na mmea wa maharage. Madam alimaliza panzi haraka haraka, kama mtu anayefagia ua kabla ya wageni, kisha akageuka, akaegemea meza na kuanza.

"Chini kabisa ya bahari hii hii yetu," alikuwa akisema, "siku nyingi kwa meli kutoka hapo Feri, sakafu ya bahari imepasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, yanakutana na mwamba wa moto, yanarudi juu yamechemka kuliko chochote mama zenu walichowahi kuchemsha. Yanatoka meusi kama moshi wa tairi. Jua halifiki. Jani hata moja hakuna. Na ndani ya yale maji kuna sumu, gesi ile ya mayai viza. Haya, niambieni, nani anaishi pale?"

"Hakuna, Madam!"

"Wamejaa," anasema, na uso wake wote unabadilika.

Hapo ndipo alipotuletea konokono. Konokono wa vilindini ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye chuma, kigamba juu ya kigamba, kama paa la bati. Konokono huyo hawindi, wala hapiti akilamba mawe kama ndugu zake. Kooni mwake kuna chumba, na chumba hicho kimejaa bakteria. Bakteria ndio wanaojua kuichukua ile sumu na kuigeuza chakula. Konokono anachofanya ni kuwaletea hewa na ile gesi kwa damu yake, na kwa kazi hiyo amepewa moyo mkubwa kupita kiasi, moyo uliojaa mwilini mpaka ubongo umekosa nafasi.

"Ni wapangaji," alisema Madam. "Wao wanapika, yeye anawapa nyumba. Akishindwa kuwahudumia wanakufa. Wakifa, na yeye kwisha."

Mwenzetu mmoja, mtoto wa muuza vitenge, akanyoosha kidole. "Madam, ina maana wanapendana?"

"Nani kasema wanapendana? Wengine anawameza."

"Anawala wapangaji wake?"

"Kwani wewe mwenye nyumba wenu hawali?"

Darasa zima likacheka, na kicheko hicho alikiruhusu. Kicheko kilichofuata, cha mvulana wa nyuma aliyesema basi Kariakoo nzima ni koo la konokono, hakukiruhusu. Alimfuata kule kule alikokaa, akampiga mpaka bakora ikavunjika, kisha akaendelea kumpiga kwa kipande kilichobaki. Tulitazama madawati yetu. Aliporudi mbele alikuwa anahema, nywele zimemtoka kwenye kilemba. Akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia.

Mimi mwenyewe alinivunja kidole. Ilikuwa msimu wa mvua, na chemba ya maji machafu ilikuwa imefumuka nje ya geti la shule. Uchafu ulikuwa unapanda kwenye lami, unachemka mapovu, na harufu yake ilikuwa ile ile aliyokuwa akituhubiria, ya mayai viza. Alitutoa nje darasa zima tusimame kuizunguka chemba ile. Wapita njia walishangaa. "Vuteni," alisema. "Harufu hii ndiyo chakula chao. Mtu asizibe pua." Mimi niliziba. Alinipiga kwa rula ya mbao kwenye mkono ule ule ulioshika pua, na kidole cha pete kikaenda upande. Baba yangu alitaka kwenda polisi, mama akamzuia akisema mwalimu ni mzazi. Mkuu wa shule alimwita Madam, wakazungumza, ikaishia hapo. Hakuniomba radhi, siku ile wala siku nyingine. Ila kila Jumatatu kwa wiki sita alinikagua kile kidole, akikigeuzageuza kwa ncha za vidole vyake, taratibu sana, kama vile kimeokotwa mahali.

Alikuwa jirani yetu pia. Sisi tuna duka la mabomba kwenye kipande chetu cha Kariakoo, si mbali na Msimbazi. Baba alilianzisha alipotoka Kilimanjaro, na sasa nalishika mimi. Madam alipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya uani mkabala na duka. Kwa hiyo nilimjua kwa pande mbili, na upande wa pili ulikuwa mgumu kuutazama.

Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa fundi wa maabara chuoni. Meli ya utafiti ya wageni ilitia nanga bandarini, ikitafuta mtu mmoja wa hapa wa kwenda nayo, na akachaguliwa yeye. Siku arobaini baharini. Kazi yake ilikuwa kupokea vilivyopandishwa kutoka chini, kuvipanga, kuviosha, kuvitia kwenye chupa. Alituambia sanduku la kwanza lilipofunguliwa juu ya sitaha, mabaharia walikimbia harufu. Yeye akatia mikono. Kulikuwa na kamba weupe waliofuga bakteria kwenye matamvua yao, na chini yao, kwenye tope jeusi, walikuwamo konokono. "Nilimshika mmoja, mzito," alisema. "Mdogo, lakini mzito kama risasi. Akanibana kidole."

Alisema pia kwamba mtaalamu mmoja wa melini alimnyang'anya yule konokono mkononi na kumwambia kazi yake ni ndoo. Madam akamtupia hiyo ndoo. Ilimpasua nyusi. Sijui kama ni kweli. Lakini ninavyomjua Madam, sioni kwa nini isiwe kweli. Alirudi bila barua ya sifa, bila picha hata moja, ila ana chupa ya dawa yenye konokono ndani. Hakusema aliipataje na sisi hatukuuliza. Aliiweka juu ya kabati. Mwaka hadi mwaka magamba yale yalikuwa yanashika kutu, na dawa ilikuwa inageuka rangi ya chai.

Mumewe hakuisamehe ile safari. Alikuwa fundi wa kupaka rangi magari huko Buguruni, jitu la miraba minne, mpole kwa kila mtu mtaani. Alitusalimia watoto kwa majina. Akiingia ndani na kufunga mlango, tulisikia. Siku arobaini na wanaume wa kigeni, hilo ndilo lilikuwa neno lake, miaka yote, akilirudia kila kipigo. Tulisikia kabati likigongwa, tulisikia vyombo, na jambo lililotutisha zaidi ni kwamba hatukumsikia Madam. Mwanamke aliyefundisha kwa sauti ya kufika mtaa wa pili alipigwa kimya kimya. Mama yangu aliongeza sauti ya redio. Na mimi, Mungu anisamehe, zipo siku niliona sawa, kwa sababu kidole changu kilikuwa bado kinauma.

Asubuhi moja aliingia darasani taya limevimba, midomo imepasuka na kukauka, jicho moja limefumba. Hakuweza kufungua kinywa. Tulisimama. "Shikamoo, Madam," tukasema wote, na kwa mara ya kwanza salamu yetu haikuitikiwa. Akachukua chaki akaandika ubaoni, kwa mwandiko wake ulionyooka: *Mnyoo wa vilindini. Hana kinywa. Hana tumbo. Hana njia ya haja.*

Hakuna aliyecheka.

Akachora bomba refu jeupe, na juu yake shungi jekundu. Akaandika kwamba mnyoo huyu anakaa kwenye bahari nyingine, mbali, kwenye chemchemi kama zile zile. Anapokuwa mchanga bakteria humwingia kupitia ngozi. Wakishakaa ndani hujenga makao yao, na yeye huishi kwa kile wanachopika, urefu wake ukapita wa mtu. Aliandika kipindi kizima bila kutoa neno. Chaki ilipoisha tulimpa nyingine. Wasichana wawili walikuwa wanalia, na yeye aliwatazama kwa jicho lile moja mpaka wakaacha. Kengele ilipolia aliandika swali la nyumbani, akalipigia mstari, akatoka.

Jioni yake alikuja dukani kwetu. Hakuja kwa shida. Alichukua kipande cha bomba la plastiki kwenye rundo, akatoa mtandio wake mwekundu akauingiza ndani, ukachomoza juu. Akanionyesha. Wateja walikuwa wamesimama na karatasi zao mkononi. Baba akasema, "Madam, pole, pumzika kwanza." Akatikisa kichwa. Akausukuma mtandio ndani na kuutoa tena, ndani na nje, akininyooshea kidole mpaka nikasema kwa sauti, "Anapumua kwa shungi, Madam." Ndipo akaliacha bomba na kuondoka.

Kilichommaliza uvumilivu hakikuwa kipigo. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, uani kwao, na mimi nilikuwa nimetumwa kupeleka daftari za wenzangu. Madam alikuwa anatwanga kisamvu. Mumewe alitoka chumbani ameshika ile chupa. Alikuwa hajanywa, na alikuwa anaongea taratibu.

"Hiki," alisema, "ndicho ulichokiuza mwili wako."

"Kirudishe," alisema Madam, bila kusimamisha mchi.

Akaibwaga chupa kwenye sakafu ya saruji. Harufu ya dawa ikatupiga puani. Konokono alibingirika mpaka kwenye karo, mdogo kuliko nilivyomdhania miaka yote, kahawia, kama kipande cha nati kuukuu. Mume akamfuata akamkanyaga kwa kisigino cha kiatu cha kazi, akazungusha kisigino.

Madam akainua mchi. Pigo la kwanza lilimpata kwenye mkono alioutanguliza kujikinga, na sote uani tulisikia mfupa. La pili lilishuka begani. Alipoanguka alimfuata chini, na hapo hakuwa anapiga tena, alikuwa anatwanga, mchi unapanda unashuka, na kwa miaka yote ile ya ukimya sasa sauti ilimtoka, sauti isiyo na neno. Wapangaji walitoka vyumbani. Ilichukua watu wanne kumtoa. Mama muuza maandazi alimshika kiunoni, akapigwa kiwiko akang'oka jino, wala hakumwachia.

Walipomwachilia alipiga magoti. Nilidhani anaomba. Alikuwa anaokota magamba, moja moja, kwenye kisamvu na vigae vya chupa, vidole vinavuja damu. "Ametoka zaidi ya kilomita mbili chini," alisema, hamwambii mtu. "Moto haukumuua. Uzito wa bahari nzima haukumuua."

Mumewe alipelekwa hospitali, na kutoka hospitali alienda zake kwao, hakurudi. Mtaa uligawanyika. Wanaume walisema mwanamke gani yule. Wanawake walisema hivyo hivyo mbele za wanaume, kisha wakampelekea chakula kwa mlango wa nyuma. Yeye Jumatatu alikuwa darasani. Na kama kuna mtu alitegemea kwamba aliyeonja kipigo ataacha kupiga, alikosea. Alitupiga mpaka tulipomaliza shule. Hilo sikuweza kulielewa na bado silielewi. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mara moja kwa nini. Alifikiri, akasema, "Nilikuwa nataka mkumbuke." Halafu akaongeza, "Na nilikuwa na hasira." Hayo ya pili ndiyo niliyoyaamini.

Alipostaafu alifungua tuisheni kwenye chumba cha nyuma cha ghala la vyombo vya plastiki. Alifundisha watoto wa wenye maduka, wa mama lishe, wa yeyote aliyeleta mtoto. Bakora aliiacha, nasikia, kwa sababu mkono ulikuwa umeanza kumuuma. Akipita dukani kwangu aliingia bila kubisha, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akapinga kila nilichosema. Nikisema biashara ngumu, alisema ngumu kwa nani. Nikisema watu wamekuwa wabaya, alisema hawajawa, ndivyo walivyo. Alipenda soda ya tangawizi na hakupenda kuagwa. Alikuwa anainuka katikati ya maneno yako na kuondoka.

Sasa naifikia ile siku, na hii ndiyo sababu ya kuandika.

Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa kumi na mbili, Kariakoo imefurika watu wa sikukuu. Mteja wangu, mama mmoja wa Mbagala, alikuwa amesimama mlangoni anaongea na simu. Mwanaume wa kama miaka thelathini, shati la bluu, akaipokonya simu akakimbia. Yule mama akapiga kelele ile ambayo kila mtu hapa anaijua.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Hakufika mbali. Mtu alimtia mguu, akaanguka mbele ya duka la nne kutoka langu, na watu wakamzonga kama nzi. Kwanza mateke. Kisha mawe, vipande vya matofali kutoka kwenye jengo linalojengwa. Nilipanda kwenye kiti nione. Alikuwa anasema jina la mama yake. Mbeba mizigo mmoja ninayemfahamu vizuri, mtu anayenisukumia mkokoteni kila wiki, alikuja mbio mlangoni kwangu akanyoosha mkono.

"Dada, nipe bomba."

Nikampa. Sikusita. Kipande cha chuma cha inchi moja, urefu wa mkono. Hata nilikichagua, kilikuwepo cha plastiki karibu zaidi. Nitasema ukweli wote: nilifurahi. Nilikuwa nimeibiwa mara tatu mwaka ule, na mwili wangu wote ulikuwa na joto, na nilitaka nisikie likimpata.

Mtu alikuwa ameshaleta tairi. Mwingine alikuwa na petroli kwenye chupa ya maji.

Madam alitokea upande wa ghala, anatoka tuisheni, mwavuli kwapani. Hakuita, hakusihi. Aliingia kwenye ule umati akipiga. Alipiga vichwa, migongo, alimchoma mtu na ncha ya mwavuli shingoni, akatukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Watu walimpisha kwa mshangao tu. Alipomfikia yule mwizi alijitupa juu yake, kifua kwa mgongo, akamfunika. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, gauni limepanda magotini, kiatu kimoja kimetoka.

Mawe hayakusimama mara moja. Mkono uliokwisha kurusha haurudi. Nililiona bomba likipanda juu ya vichwa, nikalijua kuwa ni langu. Lilishuka kwenye nyonga yake. Likapanda tena, likampata upande wa kichwa, nyuma ya sikio.

"Madam!" sauti ya mwanaume ilipasua. "Acheni! Ni Madam huyo! Acheni jamani, ni Madam!"

Na nusu ya wale watu walikuwa wamesoma kwake. Niliona nyuso zikigeuka. Muuza mikanda aliyekuwa ameshika tofali aliliweka chini polepole, kama yai. Mwenye petroli akaitupa chupa yake mtaroni. Watu wakarudi nyuma hatua kwa hatua, ikabaki duara tupu, na katikati yake watu wawili, damu ya mmoja inaingia kwenye damu ya mwingine. Madam alikuwa hajapoteza fahamu. Alikuwa ameng'ang'ania kola ya shati la bluu kwa mikono miwili, na polisi walipofika ilibidi wamfungue kidole kimoja kimoja.

Yule mbeba mizigo alirudi mlangoni kwangu.

"Dada, bomba lako," akasema.

Nililipokea. Nililiosha kwa maji ya ndoo, nikalirudisha kwenye rundo, na jioni fundi mmoja akaja akalinunua pamoja na mengine.

Yule mwizi alipona, akahukumiwa, sijamwona tena. Madam hakuwa anamjua. Hakuwa mwanafunzi wake, hakuwa ndugu. Watu walimuuliza sana kwa nini, na hospitalini nilimsikia akimjibu mchungaji mmoja aliyekuja kumsifia ujasiri: "Nilikuwa napita." Mchungaji akataka kumlinganisha na mfano fulani wa kwenye maandiko, akamkatiza: "Kama ni kuombea, ombea nyonga."

Nilienda hospitali mara tano. Nilipeleka uji, nilipeleka shuka. Sikusema. Kila nilipokaribia kusema aliingia nesi, au aliingia mtu, au niliingiwa na woga tu. Aliporudi nyumbani nililipia kiti cha magurudumu, na mtaa mzima ulinishukuru kwa jina, na shukrani zile zilikuwa zinanichoma. Mbeba mizigo aliacha kazi akaenda kwao Dodoma. Nikabaki peke yangu na lile neno. Ikapita miaka miwili.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, niliamka na kwenda. Ilikuwa asubuhi, uani kwake pamejaa: wanawake wanafua, mtu anakaanga vitumbua, vijana wawili wanatengeneza feni. Madam alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta, miwani puani, anasahihisha madaftari. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Binti Mabomba. Keti upande huu, huo mwingine hausikii."

Niliketi kwenye kigoda. Aliendelea kusahihisha. Aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba chemchemi nyingine kama zile zimegunduliwa, na kwamba chemchemi ikizimika, maana huzimika, kila kilichoizunguka hufa, magamba hubaki yametapakaa mwambani. "Watoto wananiuliza sasa watoto wa wale wanyama wanafikaje kwenye chemchemi mpya," alisema. "Nawaambia wanaelea gizani. Wengi hawafiki."

"Madam," nikasema, "siku ile. Lile bomba nililitoa mimi."

"Nini?"

"Bomba walilokupiga nalo. Nililitoa mimi."

Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sikusikii. Sema kwa sauti."

"Nililitoa mimi lile bomba! Alikuja kuniomba, nikampa!"

Mwanamke aliyekuwa anafua aliinua kichwa.

"Nani alimpa nani?" akauliza Madam, uso hauna kitu. "Sema vizuri, wewe. Simama useme."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu yote, pale uani, mbele ya wanaofua na wanaokaanga: "Mimi ndiye niliyetoa bomba wakamvunja Madam! Nilimpa kwa mkono wangu, na nilifurahi!"

Mafuta ya vitumbua ndiyo yaliyokuwa yanalia peke yake. Kijana mmoja wa feni alikuwa ameshika bisibisi hewani. Nililia mpaka pua ikatoka maji, mtu mzima, mama wa watoto watatu.

Madam alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya madaftari.

"Nilisikia mara ya kwanza," alisema.

Akafunga breki za kiti. "Haya, nisaidie. Tangu saa moja nataka kwenda chooni na hawa wote wananiogopa."

Nilifuta uso kwa khanga. Nikainama, akanitia mkono shingoni, akanisukumia uzito wake wote, wala hakujaribu kujipunguza. Nikasimama naye. Tukaenda hatua ndogo ndogo, na wanawake wakasogeza mabeseni yao tupite.